Supu ya Boga Haipikwi Mara Mbili

Ghala la Matufaa,
Barabara ya Mtoni,
Franklin, Tasmania.
14 Juni 2023

Mpendwa Shangazi Thelma,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tromso, wewe na Bwana Halvor, na kwamba goti lako sasa linapanda ngazi bila kulalamika. Najua kwenu jua halizami mwezi huu. Huku tumebaki na baridi. Kuni tulizopasua tangu Machi zimeshabaki nusu, na ukungu hauondoki mtoni mpaka saa nne asubuhi. Noeline anakusalimu, na anasema zile soksi ulizomfumia anazivaa hata kitandani.

Miili yetu ni mizima. Roho yangu ndiyo haiko sawa, nami sitaki ulisikie jambo hili kwanza kwa mwanao. Leith ana kipaji cha kusimulia kosa lake mpaka msikilizaji anampa hongera.

Unaikumbuka Supu ya Boga. Baridi ya mwaka 1991, sisi wanne humu ghalani mwa Babu: wewe kwenye besi, Leith na gitaa, Noeline na ngoma, mimi na kinanda. Dakika thelathini na moja, hakuna aliyesema tupige nini wala tuishie wapi. Ulikuwa umetupa sheria zako tangu tulipoanza bendi mwaka 1984, na hatukuzivunja. Mashine ya kurekodi iwashwe kwanza, salamu baadaye. Kilichopigwa hakikatwi. Kilichopigwa hakirudiwi. Na kila kipande kiitwe jina la chakula kilichokuwa jikoni siku hiyo.

Sasa watu wa ng'ambo wanaigombania santuri ya siku ile. Mmoja wa Leipzig ameniandikia kwamba dakika ya kumi na tisa huwa anasikia sayari ikivuta pumzi. Sikumwambia kwamba dakika ya ishirini na mbili besi inapotea kwa sababu mpigaji alikwenda kukoroga sufuria.

Basi kamati ya sikukuu ya baridi ikatuomba tupige katika ukumbi wa kijiji, Jumapili iliyopita mchana. Nikafurahi. Halafu wakasema wanataka Supu ya Boga. Mtu yeyote aliyelelewa na wewe angewajibu kwamba ile ilishaliwa. Leith akakubali. Wala hakuniuliza.

Wiki tatu mwanao alikaa na visikizio masikioni, anaandika noti. Akaja hapa na majalada matatu, langu la kijani.

"Fergus, hii sehemu yako."

"Sehemu yangu ya nini?"

"Ya Supu. Nimeandika kila kitu, hata ulipokosea."

"Sasa nikosee tena?"

"Palepale ulipokosea. Watu wanapapenda."

Shangazi, nilikasirika sana. Miaka thelathini na tisa tunaingia ghalani bila kujua kitakachotokea, na hilo ndilo jambo la pekee maishani mwangu ambalo sijawahi kulionea haya. Nimeziba mabomba ya watu na nimesafisha mifereji ya watu, lakini siku ya bendi sikuwa fundi wa mtu. Leo niwekewe karatasi mbele, niambiwe nijiige mwenyewe. Noeline akasema, "Mume wangu, piga tu tukanywe chai." Hata yeye, Shangazi. Usiku ule nililala nimeutazama ukuta.

Siku ya mazoezi tulifika dakika ya kumi na tisa. Kwenye jalada langu kulikuwa na sauti moja nene, ndefu, dakika nne nzima. Nikaipiga.

"Sivyo," Leith akasema. "Ile ilikuwa nzito zaidi. Inatetemeka kwa ndani."

Nikaipiga tena. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikakumbuka, na nakuapia nilikumbuka mpaka harufu ya boga. Dakika ile mikono yangu haikuwa kwenye kinanda. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko, napulizia vidole. Kilichonguruma ni mashine ya chumba cha baridi cha matufaa, ile kuukuu ya Babu. Wewe ndiye uliyecheka, ukatuonyesha kwa kidevu tuifuate.

"Leith," nikamwambia, "huyo si mimi. Hilo ni friji la Babu."

Noeline aliweka vijiti chini akacheka mpaka machozi. Mwanao hakucheka. Alilitazama jalada, akafikiri, akasema, "Sawa. Basi piga kama friji."

Nataka uyasome maneno hayo mara mbili. Nina miaka sitini na moja. Friji lenyewe lilishauzwa chuma chakavu, na mimi ndiye ninayetakiwa kulirithi.

Nilikwenda Jumapili kwa sababu Noeline aliniomba, na kwa sababu kamati walikuwa wameshapanga viti. Lakini Leith alipokuwa anapakia nyaya kwenye gari akaniuliza mashine ya kurekodi iko wapi. Unajua kitufe kile ni changu tangu ulipokiweka chini ya kidole changu. Hajawahi kukigusa mtu mwingine. Nikamjibu, "Ya nini? Kitu umeshakiandika na jalada umekinunulia. Kuna nini cha kurekodi?" Akarudi kwenye nyaya zake. Niliona nimemweza, nikafurahi njia nzima.

Ukumbi ulijaa. Akina mama wa jikoni walikuwa wanapasua skonzi na kupaka jemu. Leith akasimama na ile sauti yake ya mwenyekiti, akawaomba watu wazime simu na wasirekodi, wasije wakaharibu safari ya muziki. Wakatii wote, maana watu wa huku ni watiifu ukiwaomba vizuri.

Tukaanza. Dakika kumi na nane tulipiga kama watoto wanaokariri hesabu za kuzidisha. Hapakuwa na kosa hata moja, yaani hata makosa tuliyapiga sawasawa. Ikafika ya kumi na tisa. Nikaikunja mikono yangu mapajani.

Sikupanga. Ilikataa tu. Leith akanitazama kwa macho makali, akanionyesha jalada kwa kichwa. Nikamtazama. Noeline, aliyekuwa anahesabu kwa kunifuata mimi, akapotea kabisa. Ukumbi kimya. Ndipo kule jikoni birika kubwa la umeme likaanza kuchemka, na unalijua birika la ukumbi ule: linaanza kwa kuguna.

Noeline akalitegea sikio. Akagonga kidogo, pembeni ya ngoma, kwa mwendo wa birika. Nikaingia. Leith alisimama peke yake kama aliyeachwa na basi, halafu akalisukuma jalada lake kwa mguu, likamwagika sakafuni, naye akaingia.

Siwezi kukueleza tulichopiga, na hapo ndipo penye uchungu. Najua tu kwamba mwanao alipiga kama alivyokuwa akipiga ulipokuwa unamtazama. Kulikuwa na mahali tulishuka chini sana mpaka nikamsikia mtu akimeza mate, kisha tukapanda sote bila kuitana. Akina mama walitoka jikoni na mikono imelowa. Kwa muda ule wote sikuwa na kinyongo na mtu. Kwa saa ya ukutani, tulipiga dakika arobaini na moja. Tangu uondoke hatujapiga hivyo, na nisamehe, Shangazi, sidhani kama hata ulipokuwepo tuliwahi.

Tulipomaliza, kabla watu hawajapiga makofi, Noeline alinigeukia, uso umelowa jasho, anacheka.

"Fergus, umeinasa?"

Nikatazama chini ya kinanda, pale mashine inapokaa siku zote. Palikuwa na mkoba wake na skonzi mbili kwenye karatasi.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliinama akachukua mkoba wake, akaniambia twende nyumbani.

Na usidhani mwanao amejifunza kitu. Jana jioni amenipigia simu. Anataka tukae sisi watatu, tukumbuke tulichopiga Jumapili, akiandike. Ameshanunua jalada jipya. Nilimwambia maneno ambayo si ya kumwandikia mama yake. Noeline alininyang'anya simu, akamwambia, "Leith, mwanangu, kalale," akakata.

Kwa hiyo nina hasira naye bado, na nina haki. Aliivunja sheria yako mbele ya kijiji kizima. Lakini sheria yako ya kwanza, Shangazi, niliivunja mimi. Yeye alirudia kilichokwisha kupigwa, na kile bado kipo kwenye santuri, mtu wa Leipzig anacho. Mimi nimepoteza kile ambacho hakipo popote, kwa ajili ya jibu moja tamu la kwenye gari. Hasira hasara; ulituambia tukiwa wadogo, nikadhani unamwambia Leith.

Ukimwandikia, mgombeze. Kisha mwambie alipiga vizuri, kwa sababu mimi bado siwezi kumwambia.

Nisalimie Bwana Halvor, na dada yake Ragnhild aliyetutumia jibini ya kahawia. Tumeimaliza yote kwa mikate. Yule jirani yako wa zamani, Mzee Ambrose, alikuwepo ukumbini mstari wa mbele. Alivua kofia, akaniagiza nikuambie hivyo tu, kwamba alivua kofia.

Mungu akulinde, akulainishie goti, na akupe masikio mema mpaka tuonane.

Mashine nimeirudisha mahali pake, nikaiwasha kabla sijakusalimu. Mpaka sasa inazunguka. Itakuwa imenasa kalamu yangu, kuni zikipasuka, na Noeline jikoni anakata vitunguu.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Fergus