Mkono Usiouma

Jumanne, Homa Bay. Joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Shajara, sijalia. Nimengoja machozi siku nzima na hayajaja.

Leo darasa letu la uuguzi lilikuwa linachanjwa hepatitisi B kabla ya kuanza kazi wodini. Kwanza walitupima damu. Wengine wote wakapita. Mimi nesi aliniita pembeni, akafunga mlango, akaniambia tayari nina virusi, chanjo haitanisaidia. Kuna vipimo vya ini, kuna dawa zikihitajika, na wengi huishi vizuri. Huenda nilizaliwa navyo, kwa hiyo mama naye apimwe kule Migori. Niliitikia kwa kichwa kila alipotua, kama mtu anayeelekezwa njia ya posta.

Nje, wenzangu walikuwa wameshika mikono iliyodungwa wakilalamika. Nami nikashika wangu.

Akinyi, ninayeishi naye chumba kimoja hosteli, hakwenda kabisa. Huyo humdunga mdoli wa mazoezi bila kupepesa jicho, lakini sindano ikimjia yeye, anapotea. Jioni hii amenipikia uji na kunifulia sare, eti nipumzishe mkono.

"Pole, nyaminwa," akasema. Huniita hivyo, dada yetu, tangu tulipojuana. "Umeona vile inauma? Mimi siendi huko. Kwani hepa nitaitoa wapi?"

Nilitazama kikombe cha miswaki. Humo mna wembe wetu mmoja. Jumamosi tulinyolea nao makwapa, mimi kwanza, yeye baadaye. Alijikata, tukacheka. Na ni sisi wawili tuliosimama mbele ya darasa wiki iliyopita kufundisha watu wasichangie wembe. Tulipigiwa makofi.

Nimeutupa. Alipouliza, nimesema umeshika kutu. Akasema usijali, kesho atatununulia mwingine.

Atatununulia.

Nesi alisema aliyeguswa na damu yangu bado anaweza kukingwa, mradi awahi. Najua ninalopaswa kufanya, lakini mwili wangu umekaa tu kitandani. Naogopa atahama chumba. Naogopa kesho kikombe changu kitawekwa peke yake, ingawa yeye na mimi tunajua virusi hivi haviambukizwi kwa uji. Hata uoga huo nausikia kwa mbali.

Nikajaribu kuanza. Nimemwambia mkono wangu hauumi, sikuchanjwa.

Amecheka hadi akakaa chini. "Kumbe hata wewe unaogopa! Sasa kesho twende wote. Utanishika mkono, na mimi nikushike. Sawa?"

Nikasema sawa.

Ningeweza kuacha hapo. Angechanjwa bila kujua lolote. Lakini nesi lazima aambiwe habari za wembe, na Akinyi ataona ni mmoja tu anayedungwa. Afadhali alisikie kwangu, hapa chumbani.

Anaimba huku akipiga pasi nguo zetu zote mbili za kesho. Namaliza kuandika, halafu namwita.