Neno Nililokufundisha Mwenyewe

Mpendwa mwanangu Muriuki,

Najua barua zangu mbili za kwanza hukuzifungua. Hata hii ukiiweka kando sitakulaumu, ila nitaandika nyingine. Huo ukaidi wako unajua ulikoutoa.

Unakumbuka mbuzi wetu walipomaliza maharagwe ya Mzee Gathogo? Ulikuwa na miaka minane, umejificha chini ya kitanda. Nilikuvuta kwa mguu, nikakupeleka kwake ukilia. Nikakwambia, "Sema tu 'ni kweli', kisha uombe msamaha. Hakuna atakayekula." Ukasema. Mkapanda maharagwe upya wewe na yeye, Jumamosi nzima, akakurudisha jioni umeshiba viazi vyake. Tangu hapo hukuwahi kunificha kosa. Ukivunja kikombe ulikuja mwenyewe: "Mama, ni kweli."

Halafu ulipokuwa mtu mzima ukaja kuuza ng'ombe wangu mtamba sokoni Kagio, pombe ikiwa kichwani. Woi, nilichemka! Mtamba niliyemlea kwa chupa! Mukurweini nzima ilinisikia. Nikaenda polisi kukushtaki, na haki ya Mungu, nilitaka tu utishwe kidogo, ulale huko siku mbili, akili ikurudie. Nani alijua wizi wa mifugo ni jambo la miaka? Sikuuliza mtu. Hasira hasara.

Kortini karani alisoma mashtaka, nawe ukanigeukia mimi badala ya hakimu. "Ni kweli. Mama, nisamehe." Nilikuwa nimeshakusamehe kabla hujafunga mdomo. Lakini kilichoandikwa ni yale maneno mawili ya kwanza, kwamba umekiri kosa. Nikainua mkono kama niko kanisani: "Tumeelewana, twende nyumbani." Askari akaniketisha. "Mama, hii kesi si yako tena. Ni ya serikali." Ukapewa miaka saba.

Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikaanza kusumbua watu. Nikisikia mzazi amepanda boda kwenda kushtaki mwanawe, au mtu jirani yake, namkimbilia: "Ngoja kwanza, tuketi." Sasa tuko wanawake sita, na chifu ametupa chumba kila Alhamisi. Aliyeibiwa husema kilichomuuma, aliyeiba humsikiliza mpaka mwisho, ndipo tunamuuliza atarekebishaje. Kijana mmoja aliyeiba kahawa ya mjane anampogolea mibuni yake hadi msimu uishe. Juzi nilimkuta mjane akimgombeza: "Ati huko ndiko kukata? Kunywa chai kwanza uamke!" Nilicheka. Kisha nikakukumbuka, nikajifanya nimeingiwa na kitu machoni. Wengine huniita Mama Jela. Na waniite.

Sasa nisikilize vizuri. Mahakama imekubali kukiangalia upya kifungo chako. Afisa wa probesheni alikuja hapa wiki jana akauliza kama nyumba hii itakupokea. Nikasema ndiyo hata kabla hajaketi. Majirani wakasema ndiyo. Sahihi inayokosekana ni yako, kwamba unakubali kumalizia kifungo ukiwa kwangu. Bila hiyo, hatatuma ripoti.

Aliniambia ulipoelezwa uliuliza swali moja tu: "Mama anakamua na nani siku hizi?"

Mwanangu! Nilishika kichwa. Nikatuona sisi wawili alfajiri, kila mtu na ndoo yake, wewe ukimwimbia ng'ombe wimbo usio na maneno, mimi nikikwambia utamchachushia maziwa kwa hiyo sauti. Basi bado unatufikiria.

Nilikukosea. Jambo la kumalizwa jikoni kwetu nililipeleka kwa wenye pingu, na sina wa kumsingizia. Sikuambii usahau. Nakuomba unisamehe, na kama bado huwezi, uje hivyo hivyo na kinyongo chako, tutakizungumza hapa.

Na swali lako nalijibu mwenyewe, asijibu afisa: nakamua peke yangu, Muriuki. Weka sahihi.

Ni mimi,
Mama yako