Jiko Nyuma ya Lori

Jumatatu, 3 Mei 1943

Kuponi za petroli zimekatwa tena. Karani hakuniinulia hata macho. Eti lori langu si la lazima kwa vita. Si la lazima! Akamwambie mke wangu Mahfoudha, mimba ya miezi saba, hospitali iko kisiwani, ng'ambo ya feri, na sisi tuko huku Mtongwe. Mafuta niliyobakiwa nayo yanatosha kwenda feri na kurudi, labda mara tatu. Baada ya hapo lori ni banda la kuku.

Mtoto wa kwanza tulimpoteza mwaka juzi. Lori lilikuwa juu ya mawe, halina tairi. Mama yake tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka kivukoni, tukafika tumechelewa. Basi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nimeapa mara hii lori litawaka siku yoyote uchungu utakapomshika.

Alhamisi, 6 Mei

Nimekwenda Chaani kumwona Jefwa. Ni fundi, Mrabai, anafanya kazi karakana ya jeshi, mikono yake haijui kulala. Ana dawa ya shida yangu: jiko la makaa. Tangi la chuma linafungwa nyuma ya kichwa cha lori. Makaa yanaungua ndani polepole, yanatoa gesi, gesi inapita kwenye bomba, inachujwa, inaingia kwenye injini. Lori linakwenda bila petroli! Nilicheka. Akaniwashia moja pale pale, nikaacha kucheka.

Narudi nikihesabu njia nzima. Faida: makaa yanachomwa huko Kwale, hayaulizwi kuponi. Hakuna karani. Lori likawa langu tena. Hasara: nguvu inapungua, kilima litapanda likilia. Masizi kila mahali. Chujio lazima lisafishwe kila siku. Na haliwaki papo hapo — robo saa ya kupuliza feni kwa mkono mpaka makaa yashike. Robo saa, mwanamke ana uchungu! Lakini robo saa ni bora kuliko kutokwenda kabisa. Au sivyo?

Jumapili, 9 Mei

Jefwa kaja na tangi lake kwa mkokoteni. Tumelifunga leo. Kwenye chujio tumejaza makumbi ya nazi, akili yake mwenyewe, anasema yanakamata masizi kuliko kitu chochote cha dukani. Mfuniko hauna mpira mzuri, mpira hakuna siku hizi, basi anauziba kwa udongo. Kila ukifungua, uzibe upya.

Majirani wamejaa kutazama. Ngowa wa duka la samli anauliza kama litapika na wali. Wamecheka mpaka basi. Mahfoudha alitoka mlangoni, akatazama, akasema nimemwolea mke mwenza mweusi.

Kabla ya kuondoka Jefwa alinivuta kando. Hakuwa anatania. Akaniambia: "Bwana Hadi, sikia. Gesi hii haina harufu, haina rangi. Moshi utauona ukakimbia, hii huioni. Mtu husikia kichwa kizito na usingizi, basi. Kule kwetu wawili walilala karibu na mashine, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua. Hawakuamka. Usiwashe ndani ya banda. Na ukipakia watu, usifunge turubai."

Nikasema nimesikia. Nimesikia kweli. Naandika ili nisisahau.

Jumatano, 12 Mei

Linakwenda! Nimefika feri na kurudi, tani nzima ya nazi juu yake. Lilikohoa mara moja tu, kwenye kilima, nikashuka, nikapuliza, likapanda. Uso wangu mweusi kama wa mchoma makaa mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikiimba. Mara ya kwanza tangu kuponi zikatwe nimekula nikashiba.

Usiku nilimwambia Mahfoudha asiogope tena. Akauweka mkono wangu tumboni mwake. Anacheza huyu! Anapiga mateke kama analipwa.

Ijumaa, 14 Mei

Taabu mpya. Jumapili kuna harusi Tiwi, binti wa mjomba wake Mahfoudha. Mama mkwe, Bi Kuluthum, amekuja na amri: wanawake wa ukoo wote watapanda lori langu. Na Mahfoudha pia. Nikasema mimba ni kubwa, barabara mbaya. Mahfoudha akakasirika — miezi miwili hajatoka nje ya ua, naye si mgonjwa. Nikakubali aende.

Kisha Bi Kuluthum akasema lori lifungwe turubai pande zote, na nyuma pia. Ndivyo tunavyowachukua wanawake siku zote. Lori la wazi kupita njia kuu, askari wa jeshi wamejaa barabarani? Hata kuuliza haiulizwi. Nikaanza kusema kuhusu gesi. Akanikatiza. Akasema: "Baba, wewe wataka mkeo atazamwe na kila mpita ndia kwa sababu ya makaa?"

Nikashikwa na aibu. Sikumalizia maneno. Nilimwambia inshallah.

Jumamosi, 15 Mei

Nimefikiri mchana kutwa. Lori likienda kuna upepo, gesi inarushwa nyuma. Jefwa alizungumza juu ya banda, na turubai si banda. Udongo wa mfuniko nimeuziba mara mbili. Na safari ni ya saa moja tu. Pia — niseme ukweli, nani atasoma — nataka wamwone Hadi akiwapeleka harusini, wenye magari yao wote wameketi barazani bila petroli.

Ningekwenda Chaani kumuuliza Jefwa. Sikwenda. Nilijua atakachosema.

Jumapili, 16 Mei. Tiwi

 Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tuliondoka baada ya adhuhuri, wanawake tisa ndani, turubai imefungwa kamba mpaka chini. Wanaimba, wanapiga vigelegele. Mvua ikaanza kabla ya Waa. Tukakwama kwenye tope, lori likazima. Makaa yalikuwa yamelowa. Nikapuliza feni. Nikapuliza, nikapuliza. Wanaume wa pale wakaja kusukuma, kumi au zaidi. Nikagonga ubao, nikamwambia Bi Kuluthum washuke kidogo mpaka liwake. Akajibu kutoka ndani, hawashuki mbele ya wanaume wageni, na mvua hii. Nami sikugonga mara ya pili.

Nusu saa nimepuliza feni, mdomo wa jiko uko shubiri mbili na turubai. Kila nilichokipuliza kimeingia kwao.

Nilisikia nyimbo zinapungua. Nikadhani wamechoka.

Tulipofika Tiwi nikafungua nyuma. Wawili walikuwa wanatapika. Wengine wameshika vichwa, wanayumba kama walevi. Mahfoudha amelala kichwa juu ya mapaja ya mama yake, karibu kabisa na jiko — walimpa pale ili asirushwe na mashimo. Mashavu mekundu, mazuri. Bi Kuluthum ananong'ona nisimwamshe, amepata usingizi mtamu.

Nikambeba mbio. Nimemmwagia maji, nimempiga makofi, mimi ambaye sijawahi kumnyanyulia mkono. Mpaka magharibi ndipo akafumbua macho. Akasema, "Kitwa chaniuma, Hadi." Akayafumba tena.

Wale wengine wamepona kwa hewa. Wamesema ni pepo wa pale topeni, watu wa Waa wanalijua lile tope. Mganga ameitwa. Ndani ngoma ya harusi inaendelea, wameipunguza sauti.

Jumatatu, 17 Mei. Tiwi

Asubuhi. Ameamka mara mbili, ametapika. Hajui yuko wapi. Mara ya pili aliniita jina la marehemu baba yake. Mkunga wa hapa, Bi Kahaso, amemshika tumbo kwa muda mrefu. Akanitoa nje. Akasema mtoto hajacheza tangu aanze kumtazama jana jioni. Hajasema amekufa. Amesema mpeleke kisiwani kwa daktari, mpeleke sasa hivi.

Kwa chombo gani? Niwapeleke na nini? Nimekwenda mbio kwa mwenye duka, gari lake halina tone la petroli. Nimesimamisha lori la jeshi, limepita likanirushia tope. Kumbeba kwa kitanda mpaka kivukoni ni mchana kutwa. Nimeshawahi kubeba kitanda mimi.

Limebaki hili. Hili hili! Hilo lililomlaza ndilo la kumpeleka.

Litamfikisha kama litakwenda wazi. Bila turubai hata kipande, na yeye alale mwisho kabisa, mbali na jiko. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Na mvua imesimama, alhamdulillahi. Lakini Bi Kuluthum hawezi kukubali. Kwake ni pepo, na pepo hatolewi kwa kumweka mtu uso wazi barabarani, mgonjwa, nywele nje. Nimemwomba. Akalia. Akasema mwanawe ameshapata msiba mwilini, nisimwongezee wa aibu.

Kuna neno moja tu litakalomfanya aiache turubai ile. Kwamba si pepo. Kwamba niliambiwa. Siku ya kulifunga tangi, nyumbani kwangu, Jefwa aliniambia kwa maneno haya haya, usifunge turubai, nikasema nimesikia. Kisha nikaifunga kwa mikono yangu. Nikilisema hilo mbele ya ukoo mzima sina mke tena, hata akiishi. Watamchukua, na ni haki yao.

Nisipolisema?

Robo saa ya makaa. Ndiyo maana naweza kuandika, nimekaa kwenye ubao wa mlango, kalamu mkono huu, feni mkono huu. Nilidhani nikiandika nitapata njia nyingine ya kusema. Hakuna. Nimemshika Mungu.

Makaa yameanza kushika, yanang'aa kwa chini. Wanamtoa Mahfoudha, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Sioni kama anapumua, wanatembea haraka mno. Bi Kuluthum ametangulia, ameiburuta turubai mwenyewe. Amefika. Macho yamevimba kwa kulia. Amenishika bega, kwa upole, jinsi asivyonishika siku zote, ananiuliza, baba, tuanze kufunga upande gani.