Upande wa Matasia Ulikuwa Wewe

Mwalimu Kimani,

Nakuandikia kwa aibu. Tangu tukuzike nyuma ya nyumba yako Matasia sijaweza kupita kwenu. Nikifika steji nageuka.

Hapa ofisini Kitengela kiti chako nimepewa mimi. Wananiita madam, nami naitika. Wangejua.

Unakumbuka kile kiungo pepe chetu, njia ya mtandao isiyo na waya wake, ya kutoka Kitengela, kupitia ruta za Kiserian, hadi nyumbani kwako Matasia? Ruta za ncha mbili husalimiana kila baada ya muda tuliouweka, na muda huo usipolingana, kila moja huona mwenzake hayupo, na kiungo hukatika. Ndiyo maana ulikuwa ukinipigia kutoka Matasia, mdomo umejaa githeri, ukinisalimu kwa Kimaasai changu: "Sopa, Naserian! Soma zako, nisome zangu." Tukishasomeana sekunde zetu ndipo tunabonyeza pamoja. "Usiguse upande moja kama hujaongea na mwenye ako upande ile ingine." Ulilisema hilo mpaka nikachoka nawe.

Siku ya mazishi binti yako Wambui alikuwa Kanada, karatasi zake zimekwama. Mama Wambui aliniomba kitu kimoja tu: mtoto akuone ukizikwa, na asome maneno yake ya kukuaga. Asubuhi, kabla ya kutoka Kitengela, nilipunguza muda wa salamu na wa kungoja, ili kukiwa na hitilafu tuijue mapema. Nilitaka watu waone umeacha mtu. Nikamaliza upande wangu, nikaondoka. Sikumpigia yeyote. Ningempigia nani, Mwalimu? Upande wa Matasia ulikuwa wewe.

Nilipofika, skrini ya kumwonyesha Wambui ilikuwa nyeusi. Nikashika nyaya, nikapanda mlingoti na nguo zangu za mazishi, nikawafokea watu bure. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza ndipo nilipokumbuka kwamba muda wa upande wako haukubadilishwa. Wambui hakusoma hata neno.

Nikasema ni mvua ya Ngong. Mama Wambui akaniletea chai, akaniambia, "Pole, ulijaribu." Nilikunywa ile chai yote.

Wiki jana ilibidi tubadilishe muda tena, na vidole vyangu vikapiga namba yako vyenyewe. Mama Wambui akapokea. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Naserian, ni mambo ya ruta? Niambie nisome wapi." Miaka yote hiyo alikuwa akitusikia. Nikalia, nikamwambia haikuwa mvua, ilikuwa mimi.

Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Sasa ambia Wambui."

Jumapili nakuja. Nitampigia Wambui nikiwa kando ya kaburi lako, nimwambie ukweli hata akinitukana. Akikubali, nitamwomba asome yale maneno yake, nami nitashikilia simu karibu na udongo mpaka amalize.

Pumzika, Mwalimu. Sitabonyeza kitu tena kabla ya kusikia sauti ya upande ule mwingine.

Mwanafunzi wako,
Naserian