Kitambaa cha mkono wa kushoto

Alhamisi. Mvua imenyesha mchana, ikakatika ghafla, na jua limerudi na lile joto linalofanya shati linate mgongoni. Nimeharibu suruali ya mteja. Nimeikata fupi, mguu mmoja tu, kama mwanafunzi aliyeshika mkasi jana. Situlii leo. Nakaa, nasimama, nachungulia barabarani, narudi kwenye cherehani.

Sababu ni kitambaa. Si cha mteja. Ni kile kipande cheupe ambacho mama yangu anamfungia binti yangu Zulfa kwenye mkono wa kushoto.

Zulfa ana miaka minne. Tangu aanze kushika kijiko, kila kitu ni kushoto: kijiko, kalamu, chaki zangu anazoniibia. Mama tunaishi naye Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, na ndiye anayeshinda na mtoto mke wangu akiwa sokoni na mimi nikiwa huku mtaa wa Asiatique, kwenye baraza la duka la vitambaa ninaposhonea. Anampenda mjukuu wake kuliko anavyonipenda mimi, na wala hafichi. Lakini kwake mkono wa kushoto ni wa chooni, basi. Mtoto akiunyoosha kupokea andazi, andazi linarudi sahanini. Tangu chekechea ianze ameongeza dawa: mtoto akirudi tu shuleni, mkono unafungwa kitambaa, vidole vyote ndani, mpaka wakati wa kulala.

Nilipojaribu kuuliza, jibu lilikuwa tayari.

"Samaki mukunje angali mubichi, Hamisi. Akikuwa mukubwa, nani atakula chakula anapakua na mukono ule? Watu watamucheka mutoto wangu."

Nikacheka, nikaenda zangu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kama baba: kucheka na kwenda zangu.

Juzi metresi, mwalimu wake wa chekechea, aliniita pembeni. Alisema wenzake Zulfa sasa wanakata karatasi wakifuata mstari, wanachora mtu mwenye kichwa na miguu, wanajifunga vifungo wenyewe hata kama wanaruka kimoja. Zulfa anaikwaruza karatasi na mkasi mpaka inachanika. Kuchora ndiyo ameacha kabisa. Anakaa ameikalia mikono yake.

"Kila mutoto na wakati wake, Papa Zulfa, si mashindano," akaniambia. "Lakini huyu alikuwa anachora, sasa ameacha. Kuacha ndiko kunaniogopesha. Muwekee kalamu katikati, mbele ya kifua. Mukono atachagua mwenyewe."

Nakiri, kwanza nilikasirika. Mtoto wa fundi cherehani ashindwe na mkasi! Kichwani nilishamlaumu metresi, mke wangu, hata mkasi wa shule.

Jana jioni Mama alikwenda kuhani msiba kwa jirani. Nikamfungua Zulfa kitambaa, nikaweka mbele yake mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi na kipande cha kitenge. Akaushika kwa kushoto bila kufikiri. Kitenge kikajikunja katikati ya makali, hakikukatika. Akajaribu tena, kikajikunja tena. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuniwasha. Ili nimwonyeshe, nikauchukua mkasi, nami nikaushika kwa kushoto.

Kitenge kikajikunja.

Nikabana kwa nguvu, bado. Nikaugeuza, nikautazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona. Mikasi yetu imetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukiishika kwa kushoto, vidole vinayasukuma makali yaachane badala ya kuyabana pamoja. Nimekula kwa mkasi maisha yangu yote na sikuwahi kulijua hilo. Zulfa alicheka mpaka akalala chini kumwona baba yake ameshindwa. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Nikamwekea chaki katikati, kama nilivyoambiwa. Akaichukua kwa kushoto, akachora mtu kwenye sementi, kichwa kikubwa kama boga, miguu ikitokea kidevuni. Akasema ni mimi. Nilifurahi, nikamsifia mtu wake, nikafuta sakafu kabla Mama hajarudi.

Ndiyo. Nilifuta. Mtu mzima mwenye ndevu.

Leo asubuhi nimeulizia mkasi wa mkono wa kushoto katika maduka ya mtaa huu. Muuzaji mmoja aliniuliza kama siku hizi nimeanza kunywa.

Mchana nikarudi nyumbani kula. Mama alikuwa anapakua wali, mke wangu ndiyo kwanza ametoka sokoni, Zulfa amerudi shuleni na njaa yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Akaenda mwenyewe kwenye kamba, akakianua kile kitambaa, akaniletea. Akanyoosha mkono wa kushoto, vidole ameshavikunja vizuri, tayari.

Hakulia. Afadhali angelia.

Mama akanitazama. Mke wangu akanitazama. Wali ulikuwa unapoa.

Nikaufunga.

Tangu saa ile sina raha. Nimetunga hotuba tangu nirudi hapa, naisema na kuifuta. Nitamwambia Mama kwamba sitaki mtoto asiye na adabu. Kula ni kulia, kusalimia ni kulia, nitamfundisha mwenyewe, taratibu. Lakini kalamu si chakula. Na yeye mwenyewe akimpa mgeni sahani, si anaishika kwa kulia na mkono wa kushoto anauweka chini ya kiwiko, kwa heshima? Mkono ule una kazi hata kwenye adabu zetu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na hawakusema tuukate mwingine.

Najua atakachojibu. Atasema amelea watoto sita bila metresi, na kwamba mwanawe sasa anafundishwa na wanawake wa shule. Atanuna, pengine mpaka Ijumaa ijayo, na nyumba nzima itakunywa chai bila sukari ya maneno yake. Naogopa. Sijui kwa nini mtu anaweza kubishana na mteja mkorofi kutwa nzima, halafu akashindwa na mwanamke mmoja anayepakua wali.

Nimetia mfukoni vifungo vya zamani vya rangi rangi na uzi mnene, Zulfa avitunge kama shanga. Kazi hiyo haihitaji mkasi. Suruali ya mteja nitailipa kwa kitambaa kingine, yeye angoje.

Nafunga kazi mapema. Nataka kufika kabla ya magharibi, Mama akiwa bado kwenye mkeka na Zulfa akiwa macho, anione.

Kwa sababu fundo nililomfunga mchana ni fundo la fundi. Peke yake hawezi kulifungua, hata kwa mkono wa kulia.