Mkunjo wa Baruti

Rumande, 4 Mei 1978

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Shule inaendaje? Mimi sijambo, ukiacha kunguni, ambao humu wanashiba kuliko sisi. Bosi wa kiwanda cha uchapaji anatuita wahuni kwa sababu tumegoma. Wenzako wakikucheka, usione haya. Zile karatasi tulizokunja pamoja mezani, mara tatu na ncha ndani ili zijifunge bila gundi, ziliingia kiwandani ndani ya viatu, zikamfikia kila mfanyakazi. Una miaka tisa na umefanya kazi ya watu wazima.

Siku ukinisikia nasema kama bosi, nirudishie barua hii niisome.

Baba yako, Baruti

20 Agosti 2009

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa na duka lako la uchapaji linakwenda vizuri. Mimi mzima. Wodini kwetu wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja, na glavu tunafua tunavaa tena. Wauguzi tumekubaliana kugoma Jumatatu, ila chumba cha dharura tutakishika kwa zamu. Naomba utuchapie karatasi mia tano za kuwaeleza watu sababu zetu. Nimewaambia wenzangu baba yangu ndiye Baruti, wakapiga makofi.

Mwanao

22 Agosti 2009

Mwanangu, marahaba.

Mgongo bado unanisumbua, asante kwa kuuliza.

Sichapi. Ni kweli hospitali ndiyo mteja wangu mkubwa, lakini usinione mlafi. Mwaka tisini mama yako alikata roho kwenye benchi la mapokezi, wauguzi wamegoma, wamesimama nje wanaimba. Nyimbo zenyewe nilizitunga mimi enzi zangu. Tangu siku ile, mtu akitaja mgomo namwonyesha mlango. Sasa nina wafanyakazi wanane, na anayechelewa simsikilizi hadithi zake. Watu wasiposhikwa hawaendi. Ukifika umri wangu utanielewa.

Jumatatu nenda kazini, mama. Na hilo jina la Baruti liacheni.

Baba yako

30 Septemba 2009

Baba, shikamoo.

Hujambo? Safari hii nauliza kwa mazoea tu.

Jana tumepewa barua za kufukuzwa kazi, watu arobaini na mmoja. Zote zimekunjwa mara tatu, ncha ndani, bila gundi. Wenzangu walisifia ufundi. Mimi nilikaa chini sakafuni, maana mkunjo ule tunaujua wawili. Kwa hiyo jina langu lilipita mikononi mwako, ukalikunja pamoja na mengine.

Mama alipokufa nilikuwepo, na sare yangu ya mwanafunzi wa uuguzi. Nilikimbilia mtungi wa oksijeni, nikaukuta mtupu. Nikaenda wa pili, mtupu. Wale waliokuwa wanaimba nje walikuwa wanadai mitungi ijazwe. Nimekuficha hilo miaka kumi na tisa kwa sababu niliona unahitaji mtu wa kumlaumu. Nilikosea, na kosa hilo nimelilipia mwenyewe.

Uliniagiza nikurudishie barua ya rumande siku kama hii. Nimeitoa sandukuni, nikaandika anwani yako kwenye bahasha. Kisha nimeichana bahasha. Barua ile siitumi. Aliyeiandika alikuwa baba yangu, na sina mwingine.

Aliyekuwa muuguzi, wodi namba nne