Papa, Fimbo ya Maman Nimeiunga

Papa,

Yesu akuangalie huko ulikotutangulia. Ni mimi, binti yako Esperansi. Nimekaa kwenye meza yako ya kazi. Nimefagia, lakini vumbi la mbao sikulitoa lote. Moyo ulikataa.

Maman ni mzima, ila nyonga inamsumbua. Na kuna kosa langu nataka kukuungamia.

Ule mti wa kahawa mliopanda naye tuliporudi kutoka Bukavu, ule uliong'oa na mzizi wake ili mzizi uwe mkono wa fimbo yake, niliushusha kutoka kwenye moshi wa jikoni. Ulikuwa umekauka vizuri. Niliuchonga kwa kisu chako, nikaupiga msasa, nikaupaka mawese. Nilikuwa na haraka, nilitaka aishike siku ya kumaliza matanga. Basi nikampima pale mlangoni, yuko pekupeku, ameinama kwa kilio. Na wewe ulikuwa unasema kila mara, "Muntu apimwe na viatu vyake vya Misa, asimame kama anamuangalia padiri." Nilisahau, Papa. Nikakata. Kipande kilichobaki nikakitia motoni, chini ya sufuria ya chai.

Siku alipovaa viatu, fimbo ilipungua vidole vinne. Alipanda mpaka kanisani Mibirizi amejikunja. Jirani yetu Mama Odeta akamtania njiani, "Maman, umepoteza nini pale chini?" Naye akajibu, "Natafuta fundi aliyenipima." Bakacheka wote. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimebeba kitabu chake cha nyimbo. Sikuweza kucheka.

Nilitaka kumchongea nyingine. Akakataa. "Hii Papa yako alinitolea mti wetu. Hiyo ingine itakuwa ya nani?" Lakini kila Jumapili mgongo ulizidi kuinama, mpaka akaanza kusema atakuwa anasali nyumbani tu. Maman, kukosa Misa. Hapo nikaogopa.

Kwa hiyo nimeiunga. Najua ulivyochukia kazi hiyo. "Fimbo ya kuunga unamuuzia muntu usiyemujua." Nilisali rozari kwanza. Kisha nikachonga kipande kingine cha kahawa, nikakichomeka pamoja na ncha ya fimbo ndani ya bomba dogo la chuma, nikakaza kwa misumari miwili. Haipendezi, Papa. Ungeigeuza mara moja tu, ukairudisha mezani.

Lakini Jumapili iliyopita ilikuwa Misa ya kukuombea. Maman alisimama wima tangu Injili ilipoanza mpaka ikaisha, wazee wenzake wamekaa.

Unisamehe. Pumzika, Papa yangu mupenzi. Nakuahidi hivi: kila Jumamosi, Maman akipiga pasi kitenge chake, nitaishika ile fimbo na kuiegemea kwa uzito wangu wote. Kiungo kikilia hata kidogo, haendi nayo. Atashika bega langu, tutapanda polepole, na tutafika.

Binti yako,
Esperansi